Chakula cha paka anayeziba mkojo: kizuri, ila usimpe kikavu

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeizuia kwa ajili ya bei na hekaheka za kukipata, si kwa ubaya wa chakula chenyewe. Ninavyovisema hapa ni viwili: Hill's c/d Multicare na Royal Canin Urinary S/O, vyakula vya paka wenye maradhi ya njia ya mkojo yanayorudi rudi. Nimetumia vyote viwili, mara hiki mara kile, kutegemea kilichopo dukani Malindi siku pesa yangu iko tayari, na kwa paka wangu sikuona kipi kimempita mwenzake. Basi ichukulieni hii kuwa tathmini ya vyote viwili, na zaidi ya namna ya kuvitumia kwa mtu wa Lamu ambaye riziki yake yatoka kwenye sindano na uzi.

Mie nashona kofia za mkono, nakaa Langoni, si mbali na Msikiti wa Riyadha. Mgonjwa ni Kibwana: dume, rangi ya mchanga, amehasiwa, mnene kuliko inavyompasa. Hatoki nje. Paka wenziwe wa mji huu, wale wembamba wenye miguu mirefu wanaongojea mashua za wavuvi, yeye huwatazama kutoka dirishani ghorofani. Jirani yangu huuita ugonjwa wa paka wa tajiri. Utajiri huo sijauona bado, lakini kwa mengine hakukosea: paka wa ndani, mnene, aliyehasiwa, anayelishwa punje kavu, ndiye anayepatwa zaidi na mambo haya. Na akiwa dume ndiye anayeziba.

Kabla sijafika kwenye mfuko wa chakula, hili lazima niliseme. Ukimwona dume anachutama kwenye mchanga wake wa choo, anatoka, anarudi, anachutama tena, anatoa sauti nzito ya kooni na hakuna hata tone, usiulize ununue chakula gani. Jirani alisema amefunga choo, nimnyweshe mafuta ya nyonyo. Siyo. Mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba mno. Ukiziba, taka ambazo figo zilipaswa kuzitoa hurudi kwenye damu, potasiamu hupanda, na moyo husimama. Siku mbili tatu zinatosha kumuua. Hapo ni kwa daktari wa wanyama siku ile ile, apewe dawa ya usingizi, apitishwe mpira mwembamba wa kutoa mkojo, atundikiwe dripu. Hakuna chakula kinachozibua mrija. Chakula ni cha kuzuia asizibe tena, na kwa Kibwana neno "tena" lilikuwa limeshaanza kunizoea.

Daktari aliyemzibua alitia tone la mkojo kwenye kioo, akalitazama kwa hadubini, kisha akaniita: "Njoo utazame, mama." Ndani ya lile duara la mwanga mlikuwa na vipande angavu, virefu, vyenye kingo zilizokatwa mshazari, vimelala ovyo. Madaktari hulifananisha umbo lile na kifuniko cha jeneza, na ukishaona huwezi kuliona vingine. Hizo ni fuwele za struviti, yaani magnesiamu, amonia na fosfeti zilizoshikana. Mkojo ukiwa mzito na asidi yake ni haba, fuwele hujitenga, zikachanganyika na ute wa kibofu, likatokea tope la kuziba njia. Akaniambia pia kwamba fuwele peke yake si maradhi, kuna paka wazima wengi wanazo. Kinacholeta balaa ni mkojo mzito na kibofu kilichokwisha kuchubuka.

Hapo ndipo akaandika jina la chakula kwenye karatasi. Vyakula hivi vimepunguzwa magnesiamu na fosforasi, na vimepangwa viufanye mkojo uwe na asidi kiasi, ili struviti isipate pa kushikana. Hata jiwe zima la struviti huweza kuyeyuka kwa chakula tu, baada ya wiki chache, bila kisu. Lakini kuna jiwe la pili, la kalsiamu oksaleti, na hilo haliyeyuki kwa chakula chochote. Mara nyingi hutolewa kwa upasuaji. Kwa hiyo ukinunua mfuko huu kwa sababu paka wa rafiki yako ulimfaa, pengine unatupa pesa. Kipimo kwanza.

Hapa nitatoka njiani kidogo, kwa sababu naona watu wakishauriana kumtilia paka ndimu au siki kwenye chakula. Mwaka 1981 Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kilianzisha kituo cha kuchunguza mawe ya wanyama, na miaka ile mawe mengi ya paka yaliyopelekwa pale yalikuwa struviti. Watengenezaji wa vyakula wakapunguza magnesiamu, wakaongeza asidi. Struviti ikashuka, oksaleti ikapanda! Ndiyo maana vyakula vya sasa vinapita katikati, na vimepimwa. Ndimu yako ya jikoni haijapimwa na mtu. Ndimu ni ya samaki.

Na kuna kundi la tatu, ambalo kwa kweli ndilo kubwa: zaidi ya nusu ya paka wanaokojoa kwa shida au kukojoa damu hawana jiwe wala wadudu. Kibofu kimevimba tu, na hofu ni moja ya vichocheo vyake. Wadudu wa bakteria kwa paka ambaye hajazeeka ni nadra. Paka mzee ndiye huwapata zaidi. Nilikutana na muuza dawa mmoja aliyekuwa tayari kumdunga Kibwana antibayotiki bila kumgusa tumbo wala kuuliza umri wake. Nilimshukuru nikaondoka na kikapu changu.

Sasa chakula chenyewe. Kuna namna mbili: mifuko midogo laini ya gramu 85, na punje kavu za mfuko wa kilo moja na nusu. Kiini cha mambo yote kiko hapa, na ndicho ninachotaka mkichukue hata mkisahau majina yote mengine: asili ya paka ni jangwani, hana kiu kama yetu, anategemea maji yaliyo ndani ya mawindo yake. Chakula laini kina maji kama asilimia 75 hadi 80. Punje kavu hazizidi asilimia 10. Paka wa kilo nne anahitaji takriban mililita 200 za maji kwa siku, chakula na kinywaji pamoja. Mifuko mitatu laini inampatia karibu zote bila yeye kukaribia bakuli la maji. Gramu 55 za punje zinampatia mililita tano au sita, maji yanayobaki ayatafute mwenyewe, na hayatafuti. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliolinganisha paka wenye kibofu kilichovimba bila sababu inayojulikana: wote walikula chakula cha kuongeza asidi, wengine laini, wengine kikavu. Katika mwaka mmoja dalili ziliwarudia asilimia 11 ya waliokula laini, na asilimia 39 ya waliokula kikavu. Chakula kilikuwa cha namna moja, ila kimoja kina maji.

Kwa hiyo ukiwa na uwezo, nunua mifuko laini na uache kusoma hapa. Mimi sina. Mifuko mitatu kila siku, mwezi mzima, ni kofia ngapi? Bei ya mfuko mmoja napata samaki wa mchana na mchuzi wake. Mifuko niliitumia wiki za mwanzo tu, baada ya mpira kutolewa, wakati kibofu bado kina vidonda. Baada ya hapo nikahamia kwenye punje, lakini simpi kavu.

Ninavyofanya: kipimo cha siku, hizo gramu 55, nakigawa mara tatu. Kwa siku nzima nachanganya na maji ya kikombe kimoja kidogo cha chai, kama mililita 150. Hapo unyevu wake unakuwa sawa na wa mfuko laini. Maji ya vuguvugu ndiyo mazuri, yanaamsha harufu. Punje za vyakula hivi zinanyonya maji polepole. Ukimtilia na kumpa hapo hapo, atalamba maji aache punje, au atazisusia zote. Ziache kama nusu saa mpaka zibonyee kwa kidole na kati pawe bado pana ugumu kidogo. Zikilainika zikawa uji Kibwana huzifukia kwa mkono wake, anakwangua sakafu kama anafukia uchafu. Wako huenda akapenda uji. Nilianza na kijiko kimoja cha maji nikapanda taratibu, kwa sababu paka aliyezoea kutafuna havumilii mabadiliko ya ghafla, na paka mnene akigoma kula siku kadhaa ini lake huharibika. Usimwambie "atakula akiona njaa".

Kwa joto letu chakula kilicholowa hakikai. Asichomaliza kwa saa moja au mbili natupa, maana hugeuka harufu, na sisimizi wa Langoni wana habari zao. Sahani naiweka ndani ya sinia yenye maji kidogo, sisimizi hawavuki. Mfuko wenyewe naukunja mdomo na kuutia mzima ndani ya debe lenye kifuniko kinachobana, mbali na jua. Mafuta ya punje huchacha upesi mfuko ukiwa wazi, na Kibwana anajua kabla yangu. Kilo moja na nusu inamtosha karibu mwezi. Basi nimeamua: kila mwezi kuna kofia moja ambayo ni ya Kibwana, na mteja akiomba kupunguziwa bei ya hiyo, jibu ni hapana.

Na samaki? Hili ndilo swali la kila anayeingia kwangu. Ami yangu, mvuvi wa siku nyingi, alikaa hapo barazani akasema, "Mwanangu, paka wa Lamu kumnyima samaki ni dhambi." Ami simbishii. Lakini dagaa mkavu anaingia tumboni na miba yake yote, na kwenye miba ndiko magnesiamu na fosforasi zilikojaa, zile zile ninazolipa pesa zipunguzwe. Ng'onda ndiyo kabisa, na chumvi yake ile. Chakula hiki hufanya kazi kikiliwa peke yake. Ukikichanganya nusu kwa nusu na mengineyo, hesabu ya madini inavurugika. Ninachomruhusu ni kijiko cha maji niliyochemshia mnofu wa samaki aitwaye changu, bila chumvi, bila kitunguu, siku anapoona chakula chake hakina ladha. Daktari alikubali. Ami hajakubali, na humtilia Kibwana vipande nikiwa sipo. Najua kwa sababu Kibwana humsindikiza hadi mlangoni.

Wapo wanaolaumu maji ya visima vya mjini kwa uchumvi wake. Mimi namtilia ya mfereji yanayotoka Shela, ambako michanga mikubwa ndiyo huhifadhi maji matamu ya mji huu, lakini sijamwona paka akayapenda kwa hilo. Anachopenda yeye ni birika la chooni. Nyumba yetu ni ya zamani, birika bado linatumika, na ndani yake mna vile visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Kibwana hupanda ukingoni, akavitazama, akanywa, akavitazama. Nimemwachia mlango wazi. Anakunywa pale zaidi kuliko bakuli lolote nililowahi kumnunulia, na hilo nalo lazima nilihesabu ninapokipa sifa chakula.

Kuhusu matokeo, kweli tupu: tangu aanze mpango huu hajaziba. Mkojo umekuwa mwingi, mabonge ya mchanga yamekuwa makubwa, rangi imepoa. Alipopimwa tena, vile vifuniko vya jeneza havikuonekana. Lakini Mfungo Sita ulipofika, Maulidi yakaanza, na sisi wa karibu na Riyadha hatulali wala hatutaki kulala: zefe linapita, matwari, kasida, wageni wa kutoka Komoro na Tanzania, nyumba yangu ikajaa mashangazi mpaka sebuleni. Kibwana alihamia chini ya kitanda. Akaanza kukojoa kidogo kidogo, na tone la damu ndani. Hakuziba, mkojo ulipita, na ulipopimwa hakuna fuwele. Kibofu kimevimba kwa fazaa. Chakula kile kile, punje zile zile, na bado. Kwa hiyo atakayekuuzia kwa kusema "paka akila hiki haumwi tena" anakudanganya. Sasa Maulidi yakikaribia namhamishia chumba cha nyuma, na sahani yake, mchanga wake na kanga yangu iliyovaliwa, na mashangazi wamekatazwa kumchungulia. Hill's wana aina nyingine ya c/d iitwayo Stress, yenye protini ya maziwa iliyovunjwavunjwa na triptofani kwa ajili ya paka wenye wasiwasi. Mimi sijaitumia.

S/O ya Royal Canin imeongezwa chumvi kiasi ili paka anywe zaidi. Kwa Kibwana hakukuwa na neno, ila mwenye paka wa figo au moyo amuulize daktari kwanza. Vyote viwili si vya watoto wa paka wala jike mwenye mimba au anayenyonyesha. Kama nyumbani una paka wengine, watenge wakati wa kula.

Sasa niseme ya dukani, iliyokula nyota. Duka ninalonunulia liko Malindi, ni la dawa na vyakula vya mifugo, na jina lake nitalihifadhi. Unapiga simu, unatuma pesa kwa M-Pesa, mzigo unapakiwa kwenye basi hadi Mokowe, upande wa bara, unavushwa kwa boti, unaupokea gatini. Safari hiyo haina shida sana. Shida ni kwamba safari moja niliupokea mfuko ukiwa na jina la Royal Canin, rangi zinafanana, neno "Urinary" liko mbele, nikafurahi. Kumbe ni Urinary Care. Nikapiga simu. Kijana akanijibu, "Ni ile ile mama, hii nayo ni ya mkojo." Si ile ile. Urinary Care ni ya paka mzima, ya kulinda tu. S/O ndiyo ya mgonjwa. Herufi mbili zile ndizo unazolipia. Kubadilishiwa nilibadilishiwa, lakini nauli ya kurudisha nililipa mimi, na kijana hakuona ajabu. Mzigo mwingine ulikaa juani kwenye ofisi ya basi siku nzima. Nilipoufungua harufu ya mafuta ilikuwa imeshaanza kugeuka. Huo sikumpa.

Nimeendelea na duka hilo kwa kuwa mwenyewe, akiwa ndiye anayeshika simu, anajua anachouza, na akikosa S/O hukwambia wazi na kukuulizia kama c/d itafaa. Ukibadilisha kutoka hiki kwenda kile, changanya kwa wiki nzima, kipya kikipanda na cha zamani kikipungua. Mimi huagiza mfuko mwingine uliobaki ukiwa nusu, kwa sababu bahari ya kusi ikichafuka au basi likikwama njiani, Kibwana hatakiwi kurudia punje za kawaida hata kwa siku chache.

Mkiagiza kutoka Lamu, mwombeni mwenye duka awapigie picha ya mbele ya mfuko na ya tarehe ya kuisha kabla hamjatuma pesa, na mwambieni mzigo usiachwe juani. Wangu sasa hutuma picha bila kuombwa.